Mbwa Anapoharisha Baada ya Kubadilishiwa Chakula



Somo la mifugo katika toleo hili linamhusu mnyama ambaye wengi wetu tunaye uani, lakini ni wachache tunaomtengea fungu katika matumizi ya nyumba. Ng'ombe akiharisha, bwana mifugo huitwa kabla jua halijachwa. Mbwa akiharisha, mara nyingi hufungwa mbali na mlango, akaachwa mpaka apone au afe. Wengi wa mbwa wanaoletwa ofisini kwetu kwa tatizo hili huanza kuharisha siku moja au mbili baada ya kubadilishiwa chakula, na wengi wao wangeweza kutulizwa nyumbani kwa wali laini na maji safi. Wapo wengine ambao chakula kinasingiziwa tu, ilhali kinachowaua ni maradhi. Mwenye mbwa anahitaji kujua tofauti ya makundi haya mawili, na ajue mapema.

Mwaka jana mzee mmoja alifika ofisini akimvuta kwa kamba mbwa wake wa ulinzi, dume la kienyeji la kilo 15 hivi, lililokulia ugali na dagaa tangu lilipoacha kunyonya. Binti yake anayefanya kazi mjini alikuwa amemletea mfuko wa kilo 2 wa chakula kikavu cha mbwa. "Bwana mifugo," mzee alisema kabla hajaketi, "hiki chakula cha mjini ni sumu. Mbwa wangu ana miaka mitano, hajaharisha hata siku moja." Tulimwuliza alimpa kiasi gani. Akajibu kwamba usiku wa kwanza mbwa alimaliza nusu ya mfuko, naye aliona raha kumtazama akila namna ile.

Chakula hakikuwa sumu. Mzee alikuwa amefanya makosa mawili ambayo hufanywa na watu wengi wenye nia njema.

Kosa la kwanza ni kipimo. Ugali uliopikwa una maji mengi ndani yake. Chakula kikavu cha dukani kina maji kidogo sana, takriban sehemu moja kati ya kumi. Kwa hiyo, kilo kwa kilo, chakula kikavu kina nguvu karibu mara tatu ya ugali. Mbwa wa kilo 15 hutosheka na gramu 200 hadi 300 za chakula hicho kwa siku nzima, na mara nyingi kiasi kinachofaa huandikwa kwenye mfuko wenyewe kulingana na uzito wa mbwa. Yule dume alikula kilo moja kwa mkupuo. Hata binadamu aliyezoea mboga za majani, akipewa sahani nne za pilau ya mafuta usiku mmoja, asubuhi atakuwa na la kusimulia.

Kosa la pili ni ghafla. Tumbo la mbwa halimeng'enyi kila chakula kwa namna ileile kila siku. Kongosho hutoa vimeng'enya kulingana na kile ambacho mnyama amezoea kula: wanga ukizidi, hutoa zaidi vya wanga, mafuta na nyama vikizidi, hubadilika polepole. Katika utumbo mpana wamo pia bakteria wasio na idadi, ambao nao wamejipanga kwa chakula kilichozoeleka. Mabadiliko hayo huhitaji siku kadhaa. Chakula kipya kikiingia chote siku moja, sehemu yake hupita bila kumeng'enywa, hufika katika utumbo mpana, huvuta maji na kuchachuka. Matokeo yake ni gesi, tumbo kunguruma na kinyesi laini au majimaji. Kwa maana hiyo mbwa si mgonjwa kwa maana ya kuambukizwa. Utumbo wake umeshtukizwa.

Kuharisha kwa namna hii kuna sura yake. Mbwa hubaki mchangamfu, husimama mgeni anapopita, hunywa maji, na bado ana hamu ya kula. Anaweza kutapika mara moja au mbili. Kinyesi huwa laini, pengine chenye ute. Hali hutulia ndani ya siku moja hadi tatu mara chakula kinaporekebishwa.

La kwanza kuangaliwa ni maji, kwa kuwa mbwa anayeharisha huumizwa zaidi na upungufu wa maji kuliko njaa. Mbwa mzima huhitaji mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yule wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja, na anapoharisha anahitaji zaidi. Maji yawepo muda wote katika chombo kizito kisichopinduka, kivulini, na yabadilishwe asubuhi na jioni. Iwapo akinywa mengi anatapika, mpe kidogo kidogo, vijiko vichache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Pakiti ya ORS tunayowapa watoto, ikikorogwa katika lita moja ya maji safi, inaweza kuwekwa pembeni ya maji ya kawaida akanywe atakayo. Asimiminiwe kwa nguvu mdomoni, iwe ORS au dawa yoyote ya majani, maana maji yakiingia mapafuni utakuwa umeongeza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kupima upungufu wa maji hakuhitaji chombo. Inua mdomo wa juu, gusa fizi: zinapaswa kuwa na unyevu na rangi ya waridi. Zikiwa kavu na zinanata kidoleni, maji yamepungua. Bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, kisha uachie. Rangi irudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Halafu vuta ngozi ya juu ya mabega kwa vidole viwili na uiachie. Kwa mbwa mzima hurudi mara moja. Ikirudi taratibu au ikabaki imesimama kama hema, huyo si wa kutibiwa nyumbani tena. Mbwa aliyekonda sana au mzee ngozi yake hurudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, kwa hiyo usitegemee ngozi peke yake. Fizi ni shahidi bora zaidi.

Kuhusu chakula, mbwa mzima na mwenye afya anaweza kupumzishwa tumbo kwa saa 12, mathalani kutoka jioni hadi asubuhi, maji yakiwepo. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula hata kidogo, kwa sababu sukari ya damu yake hushuka upesi, naye anaweza kulegea na kupoteza fahamu. Baada ya mapumziko hayo, pika wali laini usio na chumvi wala mafuta, uchanganye na nyama ya kuku iliyochemshwa, isiyo na ngozi wala mfupa. Sehemu mbili za wali kwa sehemu moja ya kuku. Nyumba isiyo na kuku siku hiyo itumie yai lililochemshwa likakatwakatwa. Kijiko kimoja au viwili vya boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kinyesi kushikana. Vitunguu na kitunguu saumu visitiwe, hata kwa ajili ya harufu, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa mbwa wa kilo 15, nusu kikombe cha chai kwa mlo, mara nne au tano kwa siku, kinatosha. Atakutazama kwa macho ya kudai zaidi. Usimwonee huruma, milo midogo ndiyo dawa yenyewe.

Mzee yule tulimpa maelekezo haya haya. Siku ya tatu alituma ujumbe kwamba kinyesi kimeshikana na mbwa amebweka usiku kucha, jambo ambalo majirani zake, kwa bahati mbaya, walilithibitisha.

Sasa tueleze upande wa pili, na hapa nitasema kwa nafsi yangu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mama mmoja alinipigia simu jioni. Alikuwa amechukua mtoto wa mbwa wa miezi mitatu kutoka kwa ndugu yake siku nne kabla, akampa maziwa na uji, naye alikuwa ameanza kutapika na kuharisha. Niliposikia kwamba mazingira yamebadilika na chakula kimebadilika, nilijibu upesi: wali, maji, mpe siku mbili. Sikuuliza kama amechanjwa. Sikuuliza kama bado anacheza. Asubuhi ya siku ya pili alipiga tena kunieleza kwamba usiku mtoto yule aliharisha damu yenye harufu kali, na kumepambazuka amekufa. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama angeweza kumleta mwingine katika ua uleule, nami nililazimika kumweleza kwamba hapana, si kwa miezi mingi.

Dalili zile zilikuwa za parvo, ugonjwa wa kirusi uliotambuliwa duniani mwaka 1978 na sasa umo katika kila nchi. Huwashambulia hasa watoto wa mbwa wa kati ya wiki 6 na miezi 6 ambao hawajakamilisha chanjo. Dalili huonekana siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, hivi kwamba mtoto wa mbwa aliyehamishwa nyumba huanza kuugua katika siku zilezile ambazo chakula kipya kingemharisha. Ndiyo sababu chakula husingiziwa. Kirusi hiki hukaa katika udongo na sakafuni kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha imwagiwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, sehemu moja katika sehemu 30 za maji, ikae dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Kinga yake ni chanjo inayoanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto atimize wiki 16. Chanjo moja pekee haitoshi, kwa kuwa kinga anayopata kwa maziwa ya mama yake inaweza kuizuia isifanye kazi.

Tangu siku ile, mtu akipiga simu kuhusu mbwa anayeharisha, maswali yangu matatu ya kwanza hayahusu chakula kabisa: ana umri gani, amechanjwa mara ngapi, na je, bado anasimama kukupokea? Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, anayetapika na aliyezubaa, aletwe siku hiyohiyo. Mbwa wa umri wowote aletwe pia bila kusubiri akitapika mara kwa mara hata maji hayakai, kinyesi kikiwa na damu nyingi au kikiwa cheusi kama lami, tumbo likiwa limevimba na gumu, fizi zikiwa nyeupe au za manjano, au joto la mwili lililopimwa kwenye njia ya haja kubwa likizidi nyuzi 39.5. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kwa hiyo asionekane ana homa kwa kuwa tu ana joto kuliko wewe. Na hata bila dalili hizi, kuharisha kukizidi siku mbili huku ukifuata maelekezo ya chakula na maji, mlete.

Jambo moja zaidi la hatari: mbwa anayedondosha udenda, anayeshindwa kumeza, na anayeonekana kama amekwamwa na mfupa. Usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa huanza hivyo kwa baadhi ya mbwa, na mate yake huambukiza. Mfungie ndani ya ua au chumba peke yake na utupigie. Mtu aliyeng'atwa au kulambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tukirudi kwenye chakula, namna ya kubadilisha ni rahisi kuieleza kuliko kuitekeleza, kwa sababu inahitaji vyakula viwili kuwepo nyumbani kwa wiki moja. Siku ya kwanza na ya pili, robo ya mlo iwe chakula kipya na robo tatu cha zamani. Siku ya tatu na ya nne, nusu kwa nusu. Siku ya tano na ya sita, robo tatu kipya. Siku ya saba, chote kipya. Kinyesi kikilegea katika hatua yoyote, rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili. Mtoto wa mbwa, mbwa mzee, au yule ambaye tumbo lake limewahi kusumbua apewe siku kumi hadi kumi na nne. Maana yake ni kwamba mfuko mpya ununuliwe kabla wa zamani haujaisha, na anayempokea mbwa kutoka kwa jirani aombe na chakula cha siku chache. Anayehamia chakula kikavu akumbuke kuongeza chombo cha maji, kwa kuwa yale maji yaliyokuwa ndani ya ugali sasa hayapo.

Kanuni hii ina jambo moja la kutoifuata. Iwapo chakula cha zamani ndicho kibovu, usikichanganye kwa siku hata moja. Ninalisema hili kwa ajili ya pumba na unga wa mahindi ulioota kuvu. Mahindi yasiyofaa kwa ugali wa watoto huishia kwenye sufuria ya mbwa, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ini la mbwa halina nguvu kuliko letu. Mbwa aliyeathirika hukataa kula, hutapika, hulegea, na macho na fizi zake hugeuka manjano. Chakula hicho kizikwe, mbwa aanzishiwe wali na kuku kama daraja la kwenda kwenye chakula kipya, na aonwe na mtaalamu.

Mabadiliko mengine huja kwa msimu. Wakati wa sikukuu, mbwa aliyeishi kwa ugali mwaka mzima hutupiwa mafuta, ngozi na mifupa ya siku moja, na kesho yake ofisi hujaa. Mafuta mengi kwa ghafla yanaweza kuleta uvimbe wa kongosho, ambao hutapisha sana na kuumiza tumbo. Huo si wa kutibiwa kwa wali. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha mbwa wazima wengi kwa kuwa hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha sukari ya maziwa. Na mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye vifuko vya maji, yasipewe mbwa kamwe: vifuko hivyo ni mabuu ya tegu ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakimwingia binadamu hujenga vifuko vilevile katika ini au mapafu yake. Yenye vifuko yazikwe kwenye shimo refu. Matumbo mengine yachemshwe mpaka yaive kabisa.

Kuhusu dawa, nitakuwa mfupi. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki za binadamu zinaweza kumwua mbwa, au kumharibia ini, figo na tumbo. Dawa za kuua bakteria zinazobaki kabatini hazihitajiki kwa kuharisha kulikotokana na chakula, na kuzitumia ovyo kunajenga usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa mbwa na kwa wenye nyumba. Dawa ya minyoo ni jambo jingine: watoto wa mbwa huipata kuanzia wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili hadi waachishwe kunyonya, na mbwa wazima kila miezi mitatu. Minyoo pia huharisha, na safura humnyonya mtoto wa mbwa damu hadi fizi zikawa nyeupe. Kinyesi chote kizikwe mbali na mahali watoto wanapocheza, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji na matibabu, na mbwa ni mnyama kwa mujibu wa sheria hiyo kama alivyo ng'ombe. Unapomleta kwa Ofisa Mifugo wa Kata, njoo na kadi yake ya chanjo na kipande cha mfuko wa chakula kipya, au kiasi kidogo cha pumba katika karatasi. Piga kinyesi picha kwa simu kabla hujakizika. Usione haya kutuonyesha, tumeona vibaya zaidi. Mtoto wa mbwa unayemshuku kuwa na parvo abaki nje ya jengo, ndani ya boksi au kikapu, mpaka tutoke kumwona hapo, asije akawaambukiza wanaosubiri chanjo. Mbwa mkali afungwe kamba fupi na ashikwe na mtu anayemfahamu, lakini mbwa anayetapika asifungwe mdomo kwa kitambaa.